Kinachohesabiwa na Kinachosemwa: Historia ya Maisha ya Kila Siku katika Michezo ya Mezani ya Kuvaa Uhusika

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba pasipo mgogoro hapana hadithi. Kauli hii imekaririwa katika vitabu vya kiada na katika kumbi za mihadhara hata ikawa kama sheria ya maumbile. Mhusika hutaka jambo, hupingwa, hali hupanda hadi kilele, kisha fundo hufunguka. Yasiyoingia katika mkondo huo, kama vile chakula cha jioni, mazungumzo ya kisimani, kufagia ua na kungojea mvua, huitwa mandhari, au hupewa jina lisilo na heshima la vijazio. Makala haya yananuia kuipima sheria hiyo kwa kuchunguza historia ya utanzu usiozoeleka katika kurasa za uhakiki wa Kiswahili, nao ni michezo ya mezani ya kuvaa uhusika.

Kwa msomaji asiyeijua, michezo hii huchezwa na watu wachache, aghalabu watatu hadi sita, walioizunguka meza. Kila mchezaji huvaa uhusika wa mtu mmoja, akamsemea na kumwamulia. Mmoja wao, ambaye hapa tutamwita msimamizi, huushika ulimwengu uliobaki: majirani, maadui, hali ya hewa na matokeo ya vitendo. Pale ambapo matokeo hayana hakika, kanuni husomwa na dadu hutupwa. Kikao kimoja huchukua saa kadhaa. Vikao vinavyofuatana vya wahusika walewale huitwa kampeni, nayo huweza kudumu kwa miezi au hata miaka. Kwa istilahi za fasihi simulizi, tunaweza kusema kwamba hapa fanani na hadhira ni watu walewale, na kwamba matini huzaliwa na kufa katika utendaji.

Ndani ya utanzu huu mna mkondo unaojishughulisha na maisha ya kawaida: duka la mikate, shule ya kijijini, nyumba ya wageni, msafara wa wachuuzi. Mkondo huu huitwa wa kipande cha maisha. Istilahi yenyewe ilitoka katika ukumbi wa tamthilia wa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, na huhusishwa na mtunzi Jean Jullien. Wanauhalisia wa wakati huo walitaka jukwaa limkatie mtazamaji sehemu ya maisha bila ya kuifunga kwa mafundo ya ploti iliyosanifiwa mno.

Dai letu ni kwamba maisha ya kila siku hayakuletwa katika michezo hii na kizazi cha majuzi kilichochoka na mapigano, kama inavyoelekea kudhaniwa. Yalikuwapo tangu mwanzo. Kanuni ndizo zilizoyasukuma pembeni, na kanuni ndizo zilizoyarudisha. Ili kulithibitisha dai hili tutatumia vigezo viwili. Tutasema kwamba jambo linahesabiwa pale ambapo kanuni zinalipa tuzo, gharama au zamu yake katika wakati. Tutasema kwamba jambo linasemwa pale ambapo wachezaji wanalitenda na kulizungumza wenyewe mezani. Historia tunayoisimulia ni ya vigezo hivi kutengana, kisha kukutana.

2. Mji wa Braunstein

Asili ya michezo hii ni michezo ya vita. Mapema katika karne ya 19 maafisa wa jeshi la Prussia walianza kufunzwa kwa mchezo wa ramani na dadu uliobuniwa na kina von Reisswitz, baba na mwanawe, ambamo mwamuzi alikata shauri juu ya amri za kila upande. Mwaka 1880 afisa wa Marekani, Charles Totten, alichapisha kitabu cha mchezo wa jinsi hiyo kiitwacho Strategos. Katika miaka ya 1960 kitabu hicho kilimfikia David Wesely, mpenzi wa michezo ya vita katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, naye akavutiwa hasa na cheo cha mwamuzi, mtu mwenye ruhusa ya kuamua jambo ambalo kanuni hazikulitaja.

Mwaka 1969 Wesely aliandaa mchezo katika mji wa kubuni wa Kiprussia, Braunstein, wakati wa vita vya Napoleon. Majeshi yalikuwa yakiukaribia mji. Badala ya kuwapa wachezaji vikosi peke yake, aliwapa baadhi yao nyadhifa za raia: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo, wanafunzi. Kila mmoja alikuwa na haja zake. Wachezaji hawakusubiri vita. Walitembeleana, wakanong'onezana, wakafanya mapatano ya siri, na wawili wakaamua kupigana ana kwa ana ilhali msimamizi hakuwa ameandaa kanuni za jambo hilo. Wesely aliondoka akiamini kwamba mchezo umeharibika. Wachezaji wakamwomba awaandalie mwingine.

Tukio hili husimuliwa kama hatua ya mwanzo kuelekea michezo ya mashujaa na mazimwi. Sisi tunalisoma kinyume. Jambo lililowashika wachezaji wa Braunstein halikuwa vita, kwa kuwa vita vilibaki nje ya mji. Walishikwa na mji wenyewe, yaani mahali ambapo mwenye benki anamjua meya na mwanafunzi ana deni kwa mwenye benki. Maisha ya kijamii yalikuwa kiini cha mchezo kabla ya kuwapo kitabu chochote cha kanuni zake. Hata hivyo maisha hayo yalisemwa tu, hayakuhesabiwa. Yalitegemea kichwa cha Wesely na wepesi wake wa kuamua papo kwa papo. Jambo la namna hiyo haliwezi kuchapishwa, na lisiloweza kuchapishwa haliwezi kuuzwa mbali na mwenyewe.

3. Dhahabu kama kipimo cha masimulizi

Dave Arneson, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wa Wesely, alianza kampeni yake ya Blackmoor mwaka 1971. Blackmoor ilikuwa na kasri, mji, na mapango chini ya kasri. Baada ya Arneson kumwonyesha Gary Gygax mchezo huo, wawili hao walishirikiana, na mwaka 1974 kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, ikatoa Dungeons & Dragons. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000: vijitabu vitatu ndani ya sanduku.

Kanuni za vijitabu hivyo zilimpa mhusika alama za tajriba kwa njia mbili kuu, nazo ni kuwaua viumbe wa mapangoni na kuitoa hazina yao. Kimsingi sarafu moja ya dhahabu ilikuwa sawa na alama moja. Alama zilipotimia mhusika alipanda daraja, akawa na nguvu zaidi, akaweza kushuka katika mapango ya chini zaidi. Kanuni hii inaonekana kama hesabu tu, lakini athari yake ni ya kifasihi. Inamwambia mchezaji tukio ni lipi. Kuzungumza na mhunzi si tukio, kwa kuwa hakuleti alama. Kumwibia mhunzi huenda kukawa tukio.

Tusiwasingizie waasisi. Kijitabu cha tatu kina bei za kujenga kasri, mishahara ya mwezi ya wahunzi, mabaharia na wataalamu wengine, na kodi ambayo mwenye kasri hukusanya. Tena katika mwongozo wa wasimamizi wa mwaka 1979 Gygax alisisitiza, kwa herufi kubwa, kwamba kampeni haina maana bila ya kuweka kumbukumbu kamili za wakati. Kalenda ilikuwapo. Nyumba ilikuwapo. Lakini vyote viwili viliwekwa kama gharama, kwa maana kwamba mhusika hulipia nyumba ili aweze kurudi pangoni. Mji ukawa mahali pa kuuzia hazina na kuponya majeraha, na wakaaji wake wakawa bei.

Kwa vigezo vyetu, basi, Dungeons & Dragons ilihesabu safari na ikaliacha lililobaki kwa hiari ya meza. Meza nyingi ziliendelea kuusema mji, kwa sababu binadamu hupenda kuzungumza. Hata hivyo mazungumzo hayo yalionekana kama mapumziko kati ya mchezo na mchezo. Hapa ndipo dhana ya vijazio ilipozaliwa katika utanzu huu. Ilitokana na namna ya kutoa alama, wala haikutokana na asili ya masimulizi.

4. Deni, majira ya baridi na watumishi

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kuhesabu mambo mengine. Mwaka 1977 Marc Miller alitoa Traveller, mchezo wa safari za angani. Mhusika wake haanzi akiwa kijana asiye na historia. Kabla ya kikao cha kwanza mchezaji humpitisha katika miaka ya kazi, vipindi vya miaka minne minne, na huenda mhusika akafa kabla mchezo haujaanza. Akisalimika huingia mezani akiwa mtu wa makamo mwenye pensheni au pengine na sehemu ya chombo cha angani. Chombo hicho hununuliwa kwa mkopo. Kanuni zinataka malipo ya kila mwezi kwa miezi 480, yaani miaka 40. Mwenye chombo lazima atafute abiria na shehena, alipe mafuta, alipe mabaharia, amlipe mkopeshaji.

Mtu yeyote aliyewahi kukopa ili anunue matatu au shamba ataitambua hali hii. Traveller iliyapa maisha ya kazi uzito ambao ushujaa hauwezi kuuinua. Hata hivyo deni lilitumika hasa kama chambo. Malipo ya mwezi yaliposhindikana, wahusika walilazimika kuipokea kazi ya hatari kutoka kwa mfadhili asiyejulikana, na hapo masimulizi yakarudi katika mkondo wa kawaida. Kazi ya kila siku ilihesabiwa ili izae kitu kisicho cha kila siku.

Greg Stafford alikwenda mbali zaidi mwaka 1985 katika Pendragon, mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur. Kwa kawaida kila mwaka una tukio moja kubwa, kisha huja majira ya baridi. Katika majira hayo shujaa hurudi nyumbani. Dadu huamua mavuno yake, afya ya farasi wake, ndoa yake, kuzaliwa na kufa kwa watoto wake, na kuzeeka kwa mwili wake. Akifa, mchezaji humvaa mrithi wake. Katika kitabu cha kampeni ndefu alichokitoa mwaka 2006, Stafford alipanga matukio kuanzia mwaka 485 hadi 566, muda ambao hakuna shujaa mmoja anayeweza kuuishi wote. Hivyo ukoo ndio unaokuwa mhusika mkuu. Ni nadra kupata utanzu mwingine ambamo mtu mmoja humtenda babu, akamtenda mwana, kisha akamtenda mjukuu, na kuyabeba makosa ya wa kwanza hadi kwa wa tatu.

Lakini tuangalie ni nani anayesema. Mke wa shujaa huingia katika ukoo kwa jedwali, huzaa kwa jedwali, na huenda akafa uzazini kwa jedwali. Ana nambari; hana sauti. Watoto wanahesabiwa kama mifugo inavyohesabiwa zizini jioni. Kwa hiyo Pendragon ni kinyume kamili cha Braunstein: kule maisha ya nyumbani na ya mtaani yalisemwa bila kuhesabiwa, huku yamehesabiwa bila kusemwa. Hakuna kanuni inayomzuia msimamizi kumpa mke kauli, na wapo waliofanya hivyo. Ila kitabu hakimdai.

Ars Magica ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, iliyotoka mwaka 1987, ilijaribu dawa tofauti. Wachawi wasomi huishi pamoja katika jumuiya, na wakati wao hupimwa kwa majira manne ya mwaka, ambapo majira mazima huweza kutumika kusoma kitabu kimoja. Jumuiya ina walinzi na watumishi, na watu hao wa chini ni mali ya meza nzima. Mchezaji aliyekuwa mchawi jana huweza kuwa mpishi au mlinzi leo. Kwa mara ya kwanza kanuni zilimtaka mchezaji wa bwana aketi katika kiti cha mtumishi na kuitazama nyumba kutoka jikoni. Hapo kuhesabiwa na kusemwa vilianza kukaribiana.

5. Machweo ya Japani

Makutano yenyewe yalitukia Japani. Dungeons & Dragons ilitolewa kwa Kijapani mwaka 1985, na mwaka 1986 gazeti la Comptiq likaanza kuchapisha maandishi ya vikao vya kundi moja la wachezaji, ambayo baadaye yalizaa riwaya za Record of Lodoss War. Maandishi ya aina hiyo, yanayohifadhi mazungumzo ya mezani pamoja na mizaha na makosa yake, yalikuwa utanzu kamili wa kusomwa nchini humo. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi jambo hili ni la maana sana. Liliwafanya wasomaji wazoee kuyaona mazungumzo yenyewe, na si ushindi wa mwisho, kuwa ndiyo raha ya mchezo.

Aidha Japani ilikuwa na mapokeo ya katuni za maisha ya nyumbani. Sazae-san ya Machiko Hasegawa, inayohusu familia ya kawaida, ilianza mwaka 1946 na kuendelea magazetini hadi 1974. Azumanga Daioh ya Kiyohiko Azuma, kuanzia mwaka 1999, ilifanya vivyo hivyo kwa maisha ya wasichana wa shule ya upili. Msomaji aliyelelewa na kazi hizi hakuhitaji kuambiwa kwamba siku isiyo na vita inaweza kusimuliwa.

Mwaka 2006 Ryo Kamiya alitoa Yuuyake Koyake, ambao tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 2013 inaitwa Golden Sky Stories. Wahusika ni wanyama, kama mbweha, paka, mbwa, sungura na ndege, wenye uwezo wa kujigeuza watu. Wanaishi katika mji mdogo wa shamba na kuwasaidia majirani katika shida ndogondogo: mtoto aliyepotewa na kitu, marafiki waliokosana. Hapana dadu na hapana mapigano. Mchezaji anapofanya jambo la kupendeza, wenzake humpa kete ziitwazo ndoto, nazo hutumika kuimarisha uhusiano baina ya wahusika. Tuzo hutoka kwa yeyote aliyeguswa, na kinachokua si nguvu ya mmoja bali ni uhusiano wa wawili. Hapa hatimaye kinachosemwa ndicho kinachohesabiwa.

Mwaka uliofuata, 2007, Atsuhiro Okada alitoa Ryuutama. Wahusika wake ni wakulima, wachuuzi, mafundi, waganga na waimbaji ambao wameacha kazi zao kwa muda ili wasafiri. Kila asubuhi dadu huamua mwili umeamkaje. Kisha huamuliwa kama njia imepatikana na kama kambi imelalika, huku mvua, matope na milima vikizidisha ugumu. Msimamizi naye ana mhusika, nusu mtu na nusu joka, ambaye huandika safari za wengine na kumlisha joka mchanga masimulizi hayo mpaka akue. Hadithi ya watu wasio na sifa imefanywa kuwa chakula halisi cha ulimwengu.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza swali gumu. Mji wa Yuuyake Koyake hauna kodi, hauna njaa, wala hauna kijana aliyehamia Tokyo asirudi. Kazi hii ilitoka wakati ambapo vijiji vya Japani vilikuwa vimekwisha kupoteza vijana wengi kwa miji mikubwa. Je, huu si mji wa kadi ya posta, unaopendwa na walioukimbia? Tunakiri kwamba hatari hiyo ipo, na kwamba sehemu ya mkondo huu imetumbukia humo. Maisha ya kila siku yasiyoweza kupoteza chochote si maisha, ni pambo. Lakini Ryuutama inaonyesha kwamba upole si lazima uwe uongo. Mchuuzi wake anaweza kuugua njiani, na uchovu wake una nambari.

6. Wiki za mwaka mmoja

Watunzi wa Amerika Kaskazini walilipokea somo hili na kulirudisha katika jamii nzima. The Quiet Year ya Avery Alder, iliyotoka mwaka 2013, haina msimamizi wala mhusika mmoja mmoja. Wachezaji huchora ramani ya jumuiya iliyonusurika baada ya ustaarabu kuanguka. Kila wiki ya mwaka ni karata moja katika karata 52, zikiwa zimegawanywa kwa majira manne. Kila zamu mchezaji huanzisha kazi, hugundua jambo, au huitisha baraza. Kazi hizo huchukua wiki kadhaa, na wakati mwingine huharibika. Aliyeudhiwa na uamuzi huchukua kete ya dharau na kuiweka mbele yake, pengine bila ya kusema neno. Mwaka hukatika ghafla kwa karata moja iliyojificha katika majira ya baridi, hata kama kisima hakijakamilika.

Wanderhome ya Jay Dragon, ya mwaka 2021, inafuata njia ya upole: wanyama wasafiri katika nchi ambayo vita vimekwisha, na kete zinazopatikana kwa vitendo vidogo kama kusimama na kukitazama kitu kizuri. Lakini makovu ya vita hayajafutwa. Kuna mhusika aliyebeba silaha asiyoruhusiwa kuitumia, isipokuwa mara moja, na akiitumia hutoka katika mchezo. Upole wa nchi hiyo una gharama, na kila mtu mezani anaijua.

7. Wakati wa mviringo na kazi ya msimamizi

Sasa tunaweza kulirudia swali la nadharia. Katika insha yake juu ya kronotopu, Mikhail Bakhtin anauzungumzia mji mdogo wa mkoani kama unavyoonekana katika Madame Bovary ya Flaubert. Anauona wakati wake kuwa ni wa mviringo, wakati wa mambo yanayojirudia, usio na tukio. Kwa maoni yake wakati huo ni mzito kiasi kwamba hauwezi kuwa wakati mkuu wa riwaya. Unahitaji kuchanganywa na wakati mwingine wenye matukio. Tunaamini Bakhtin alikuwa sahihi kuhusu riwaya. Riwaya ikisimulia chakula cha jioni mara 30, msomaji ataifunga. Ndiyo maana mwandishi hutumia mbinu ambayo Gérard Genette aliieleza mwaka 1972: kusimulia mara moja jambo lililotukia mara nyingi.

Mchezaji si msomaji. Yeye hasomi marudio, huyatenda. Anapokaa tena katika jiko lilelile kikao cha kumi na mbili, anajua nani alikaa kiti kile kabla ya kufa, kwa sababu alikuwapo. Marudio hukusanya maana kwa kumbukumbu ya washiriki, kama vile kibwagizo kinavyozidi uzito kila kinaporudi katika utendaji. Kwa hivyo kampeni ya mezani ni mahali ambapo wakati wa mviringo unaweza kuwa wakati mkuu. Nchini mwetu mtoto aliyecheza kalongolongo, akapika matope na kumtuma mwenzake sokoni, alilijua jambo hili kabla ya kuingia darasani.

Kutokana na hayo, kazi ya msimamizi wa kampeni ya jinsi hii hudhihirika katika historia yenyewe. Kwanza, mahali pawe padogo na pa kurudiwa, kama Braunstein, kwa kuwa jirani asiyerudi hawezi kuwa jirani. Pili, kuwe na kalenda inayokwenda bila ya kumsubiri mtu, kama majira ya Pendragon na wiki za The Quiet Year. Bila kalenda hapana mavuno, uzee wala kuchelewa. Tatu, kila mhusika awe na haja ndogo inayomhitaji mtu mwingine, kwa kuwa haja kubwa humtoa mtu mjini na haja ndogo humpeleka kwa jirani. Nne, tuzo itoke kwa wenzake, kama zilivyo ndoto za Kamiya. Tano, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, kuwe na kitu kinachoweza kupotea. Msimamizi anayewalinda wahusika wake dhidi ya kila huzuni huwanyima pia kila furaha. Sita, asiyesikika apewe sauti: kila jambo linalotoka katika jedwali, iwe ni mtoto, ugonjwa au deni, lipate angalau onyesho moja la kusemwa.

8. Hitimisho

Tulianza na sheria kwamba pasipo mgogoro hapana hadithi. Historia hii haiifuti, inaipunguzia mamlaka. Inaonyesha kwamba tukio halikutolewa na maumbile, bali huamuliwa na kile ambacho utanzu umechagua kukihesabu. Pale dhahabu ilipohesabiwa, mji ulinyamaza. Pale majira yalipohesabiwa, ukoo ulionekana lakini wanawake wake hawakusikika. Pale kuguswa kwa jirani kulipohesabiwa, mazungumzo ya ukumbini yakawa kiini cha mchezo.

Somo hili linatuhusu sisi wahakiki. Nasi tuna majedwali yetu: ploti, mgogoro, kilele, suluhu. Tunapoisoma kazi ya fasihi na kuorodhesha migogoro yake, tunatoa alama kwa baadhi ya kurasa na kuzinyima nyingine, na zile tunazozinyima aghalabu ni za jikoni, za shambani na za kitandani mwa mgonjwa. Wanaokaa humo ni walewale ambao jedwali la Pendragon liliwapa nambari bila kauli. Pengine kabla ya kusema kwamba ukurasa fulani hauna tukio, ingetupasa kwanza tujiulize tulikuwa tukihesabu nini.